Riva ya Sefu Ukweni Mbweni

Niliondoka Temeke kwa sababu moja tu: mpwa wangu Sefu anataka mke, na mshenga ni mie. Barua ya posa ilikuwa mfukoni mwa kanzu. Sefu naye kanunua gari la haibridi, la mafuta na umeme, basi Mbweni nzima lazima ilione.

Saa nane mchana, Kawe. Tuliingia kituo cha mafuta, na mwenzangu hajaacha kujisifu tangu nyumbani.

"Anko, hili halinaga giaboksi za kizamani. Unatia riva likiwa linatembea, na halivunji kitu."

Akanionyesha. Gari likiwa linajivuta mbele polepole, akatia riva, na kweli likarudi nyuma. Weee! Kichwa kikamvimba mpaka nikahofia kioo.

Saa tisa, Mbweni, kwa Mzee Kondo, baba wa binti. Geti liko wazi, uwanja unateremka. Sefu akaingia kwa mbwembwe na spidi ya kuonwa na watu, akitaka kugeuza gari litazame nje. Badala ya kushika breki, akatia riva. Gari likalia pii! pii! likaendelea mbele. Akakanyaga mafuta, wapi! Tukaiparamia meza ya juisi ya ukwaju, wazee na kanzu zao nyeupe wakatawanyika. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee Kondo ni fundi magari mstaafu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu, macho kwa Sefu. "Kijana, hili halina gia ya riva. Mota ya umeme ndiyo inazunguka kinyume. Mwendo ukizidi, kompyuta inakukatalia, inakuweka nyutro, mota haivuti, unabaki unaserereka. Breki hukuiona?"

"Nilikuwa namwonyesha anko."

"Basi mwanangu hapandi gari la mtu anayetaka kurudi kabla hajasimama."

Posa imekufa, nikajua. Jasho likanitoka, na aibu yote yangu mie.

Hapo akatoka Zuhura, binti mwenyewe. Akaingia garini, akakanyaga breki, akatia riva, akaliondoa juu ya meza. Aliposhuka, ufunguo akautia mkobani.

"Baba, pokea barua. Gari nitaendesha mie."

Mzee akacheka mpaka akakohoa; nikaitoa barua mfukoni, akapokea.

Saa kumi na moja tulirudi Temeke kwa bajaji, tumebanana, Sefu ananuka ukwaju. Nilichojifunza ni kwamba riva inaombwa gari likishasimama. Sefu kajifunza zaidi: posa imekubaliwa, ufunguo umebaki Mbweni.