Karatasi ya Mashine ya Posho

Mwanangu, siku ile naikumbuka na hasira zangu zote. Nilikuwa nimemaliza sekondari, fomu foo, wewe uko tumboni, na kazi yangu kule Kawangware, Nairobi, ilikuwa kuandika karatasi za maelezo katika karakana ya mashine za posho, hizi za kusaga unga. Mafundi wanasema, mimi napiga taipu. Waliniita "yule wa taipu", basi.

Mama Mutua, msagaji wa mtaa wa Kianda, akaingia na karatasi yangu mkononi. Mota mpya tuliyomuuzia ilikuwa imeungua asubuhi hiyo.

"Nani aliandika 'washa, kisha mwaga mahindi'?"

Wafula, fundi mkubwa, akaninyooshea kidole upesi. Na ni yeye aliyenitajia maneno hayo!

"Wewe msichana, umewahi kusaga hata gorogoro moja ya mahindi?"

"Hapana, mama."

"Sasa ulikuwa unanifundisha nini?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Tajiri, mwenye karakana, naye akanionya: mota nyingine ikiungua, nibebe mkoba wangu niende nyumbani.

Nikashinda Kianda siku mbili, tumbo mbele, unga mpaka kwenye nyusi. Kwa mota ya kuazima, Mama Mutua akanionyesha: unawasha, unangoja mngurumo upande mpaka utulie, ndipo unamwaga, tena kidogo kidogo, la sivyo mota inalemewa na kuungua. Mafundi wote walilijua hilo! Hakuna aliyelisema, kwa sababu masikio yao yalishazoea.

Nikaandika upya. Wafula akacheka.

"Sista, wa taipu atafundisha fundi?"

"Mpe tajiri," nikamwambia. "Hajawahi kusaga. Asome, awashe, na wewe ufunge mdomo."

Tajiri, na tai yake shingoni, akasaga debe zima akifuata karatasi tu, na mota haikuungua. Wiki hiyo hiyo Wafula akaja mezani kwangu: "Madam, kuna mashine mpya. Iangalie, uiandikie karatasi, kabla hatujamfungia mteja."

Kwa hivyo sikiza. Usiandike kitu ambacho mkono wako haujagusa. Uliza swali la kijinga mbele ya watu, na wakicheka uliza tena. Kazi yako mpe mtu asiyejua, umtazame anakwama wapi. Halafu simama useme, hii nimeifanya mimi. Ukikaa kimya ukingoja wakuone, utazeeka hapo.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe mikono isiyoogopa grisi na mdomo usioogopa mtu.