Mchoma Chokaa Aliyeukata Mji Vipande Vitano

Saa mbili asubuhi, Barka Mselem yuko juu ya tanuri lake ufukweni mwa Lamu, miguu peku, anapanga mawe ya matumbawe juu ya magogo ya mikoko. Makubwa chini, madogo juu. Pande zote amezungusha makuti marefu kuliko mtu. Wachoma chokaa wa hapa hawawashi moto bila makuti hayo; jicho la hasidi likiyafikia mawe, wanasema, chokaa hutoka mbichi.

"Hili huenda likawa la mwisho hapa," anasema, na kutema mate pembeni.

Baraza la Mji limempa hadi mwisho wa mwaka huu wa 1958 alihamishie tanuri ng'ambo, Kililana, kwa sababu ya moshi. Hana mashua ya kuvushia mzigo, huko Kililana hana mnunuzi, na chokaa ikirushiwa maji safarini imekwisha. Tanuri moja ni kazi ya miezi miwili, nayo hulisha watu saba. Barka ana miaka arobaini na sita na hajui kazi nyingine.

Ukimuuliza nani wa kulaumiwa, kwanza humtaja Famau. Kisha hujitaja mwenyewe.

Mwaka 1955 mji wote ulipiga kura pamoja. Kila mtu alikuwa na kura moja, akampa amtakaye, wa mtaa wowote, na watano wa juu wakaingia barazani. Chama cha Mafundi kilikuwa kidogo mbele ya chama cha wenye maduka, lakini mafundi wamo kila kichochoro. Wakakusanya kura zao hapa na pale, wakapata viti viwili. Famau, mshona makubadhi aliyetoka Siyu, alipata kura 96 na kuwa wa kwanza mji mzima. Barka alipata 71, akawa wa nne.

"Wa nne!" Mpaka leo inamuuma. "Nusu ya majumba haya yamesimama kwa chokaa yangu. Yeye anashona viatu! Watu wakaimba Famau, Famau. Mimi wakanipa mkono tu, kama mtu aliyefiwa."

Wivu ukamwingia hadi kwenye mifupa. Famau akisema barazani, Barka alihesabu vichwa vinavyotikisika. Akimwona njiani, alipita kichochoro kingine.

"Hata salamu yake ilinichoma," anasema. "'Bwana Barka, sabalkheri!' Na meno yote nde. Nikasema moyoni, huyu ananicheka."

Mwaka jana akapata dawa yake. Alisimama barazani na kutoa hoja kwamba mji ugawanywe mitaa mitano, kila mtaa uchague mtu wake mmoja. Hesabu yake ilikuwa hii: Famau ni mtu wa kuja, akifungiwa mtaani kwake hatachukua tena kura za Langoni, na Langoni ndiko Barka alikozaliwa. Wenye maduka waliidaka hoja hiyo kabla hajaketi.

Famau alimfuata nje. "Bwana Barka, ndugu yangu, hesabu kwanza. Kura zako ziko wapi?"

"Nikamwambia, unaogopa," Barka anakumbuka, na kujipiga paji la uso kwa kiganja kilichojaa vumbi.

Hoja ikapita, na uchaguzi ukaja mwezi wa pili mwaka huu. Waashi na maseremala waliompigia Barka kutoka mitaa mingine sasa hawakuwa na ruhusa ya kumpigia. Langoni alipata kura 17, na Bwana Abdulhalim mwenye duka akapata 52. Famau je? Wasiyu wa mjini wanakaa mtaa mmoja, mlango kwa mlango. Wakampa kura 40, zikamtosha. Mafundi ni wengi vile vile kama zamani, ila wamekuwa wachache kila mahali, na chama chao kimebaki na kiti kimoja.

Nyumbani, mkewe Umulkheir hakumhurumia. Alikuwa akisuka mkeka, akacheka mpaka ukili ukamponyoka. "Baba Radhiya, makuti yote yale umezungusha, kumbe hasidi yuko ndani!"

Kesi ya tanuri ilisikizwa mwezi uliopita. Barka aliketi nyuma na wasikilizaji. Abdulhalim alilalamikia moshi, kisha Famau akasimama kumtetea Barka. Akawaambia wajumbe kwamba hakuna hata mmoja wao anayelala chini ya dari isiyo na chokaa ya Barka. Akaomba tanuri libaki.

Mwenyekiti akauliza nani anamuunga mkono, maana kwa kanuni zao hoja isiyo na mtu wa pili haijadiliwi. Haukuinuka mkono hata mmoja. Famau alikigeukia kiti kilichokuwa cha Barka. Abdulhalim alikuwa amekikalia, anafuta miwani. Hoja ikafa hapo hapo.

"Ningekuwa kwenye kiti kile ningeinua mkono, hoja ikajadiliwa," anasema Barka. "Na unajua kilichoniuma zaidi? Alisema vizuri. Kuliko vile ambavyo ningesema mimi."

Sasa kila alasiri anabisha hodi nyumba kwa nyumba na karatasi mkononi. Zikipatikana saini mia mbili, serikali imeahidi kufikiria kuurudisha mji kwenye kura ya pamoja. Mwanzoni alieleza kwamba alikosea hesabu, na milango ikafungwa. Siku hizi anasema tu, "Nalikuwa na wivu," na watu wanatia saini huku wakimcheka. Amefikisha 183.

"Tukipiga kura pamoja, Famau atakuwa wa kwanza tena. Haya, na awe. Mimi niwe wa tano, kiti ni kiti, na tanuri langu litabaki."

Mlango mmoja ameupita kila siku bila kubisha, nao ni wa Famau. Anasema atakwenda Ijumaa baada ya sala, inshallah. Anajua Famau hatamuuliza neno. Atamkaribisha kahawa, atatia saini, na jioni atawaleta Wasiyu wote watie zao.

Barka anaweka jiwe la mwisho na kushuka taratibu.

"Wallahi," anasema, "naomba anikatae, walau mara moya."