Siku Watu Walipotukimbilia

Shule niliishia darasa la nne, lakini kutoka Masumbwe mpaka Runzewe hakuna manju, kiongozi wa wachezaji, aliyepanga ngoma ya majembe akanifikia mimi. Nilianza nikivuta kamba kwenye duara, shimo la wachimbaji, natoa mawe ya dhahabu, na jioni nacheza kwa kutafuta sifa. Hatua zangu nilizitunga mwenyewe. Watu ishirini wanarusha majembe juu kwa pamoja, wanageuka, kila mmoja anadaka jembe la mwenzake wa kushoto. Ukikosea kidogo tu, chuma kinamshukia mtu kichwani. Ndiyo maana sheria yangu ilikuwa moja: kama sijapuliza filimbi, hakuna kuacha mstari.

Yaliyotokea siku ile serikali iliyaita vurugu. Waliokuwa mbali wanasema tukio. Mimi nilikuwepo, naita vita.

Asubuhi ile nilikuwa nakaza mpini wa jembe nje ya nyumba. Akaja Shija, mdogo wake mke wangu, mchezaji wangu wa mbele.

"Mwangaluka, manju."

"Mwangaluka. Umekula?"

"Nimekula viazi. Wagika nitawala mchana."

Tulicheka. Mavuno yalikuwa yameisha, na siku hiyo sisi Wagalu tulikuwa tunashindana na Wagika kwenye uwanja karibu na machimbo. Kwetu makundi mawili yanacheza wakati mmoja, hawa upande huu, wale upande ule. Atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila kundi lina mbinu zake. Msimu uliotangulia Wagika walilipua baruti ya wachimbaji katikati ya ngoma, watazamaji wetu wote wakawakimbilia kwenda kuangalia. Nilirudi nyumbani siongei na mtu.

Tulijua machimboni kuna ugomvi. Vikosi viwili vya wachimbaji vilikuwa vinagombea mwamba mmoja wa dhahabu, na ilisemwa kimoja kimeleta watu wenye bunduki. Yanayosemwa machimboni ni mengi. Tukaenda kucheza.

Jua lilikuwa utosini tuliposikia mlio upande wa Wagika. Pa. Kisha miwili mfululizo.

Shija alinigeukia bila kuacha kucheza. "Manju, hiyo si baruti."

"Cheza! Wanataka kutuibia watu tena."

Halafu nikaona watu wanatoka kwa Wagika, wanakuja kwetu mbio. Mamia. Miaka yote nilikuwa nauota huo ushindi. Nikacheka. Nikanyoosha mikono kuwapokea.

Wa kwanza kunifikia alikuwa mama mmoja mwenye kiatu mguu mmoja. Alinipita kana kwamba mimi ni mti. Mgongo wa blauzi yake ulikuwa umelowa damu.

Nyuma ya watu, vumbini, niliona bunduki.

Nikaweka filimbi mdomoni. Nikapuliza. Ikatoka pumzi tupu.

Mdomo ulikuwa mkavu. Na wale ishirini walikuwa wamesimama kwenye mstari, wamenyooka, majembe juu, wananisubiri. Mtu asiyetujua angeona nini? Angeona jeshi.

Wakatupiga risasi.

Sauti yangu ilitoka wakati huo, ikatoka kama ya mbuzi. "Kimbieni!" Wakatawanyika. Nami nilikimbia. Sikutazama nyuma, nisidanganye.

Tulilala kifudifudi kwenye shamba la pamba, mimi na wachezaji wanane. Siku tatu watu wa vikosi vile walipigana, wakachoma maturubai ya wachimbaji, wakawa wanapita barabarani wanatafutana. Tulitafuna mihogo mibichi tuliyong'oa shamba la pili. Mtu akikohoa, mwenzake anamziba mdomo kwa kiganja.

Mara moja walisimama karibu sana, nikaona buti kati ya mashina ya pamba.

Mmoja akasema, "Hapa hamna watu."

Mwingine akajibu, "Washa moto tuone."

Hawakuwasha. Kwa nini, sijui. Mkojo ulinitoka, mimi manju mkubwa, na hakuna aliyenicheka.

Siku ya nne askari walifika, tukarudi uwanjani. Wenzetu wawili walikuwa wameanguka mbali, wakikimbia. Shija alikuwa pale pale, mahali pake kwenye mstari.

Msiba tuliupeleka kwao, upande wa Shinyanga. Mama mkwe, mama yake Shija, kwetu humkaribii. Niliketi chini, mbali na mlango wake, macho ardhini.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Wenzake walikimbia?"

"Walikimbia."

"Na yeye?"

"Alisubiri filimbi, mayu."

Ningeweza kusema ilikuwa mbovu. Ningeweza kusema risasi zilitangulia.

"Aliniambia si baruti," nikasema. "Nikamwambia acheze."

Leo kundi langu ni kubwa kuliko lile la zamani, na tukiingia uwanjani Wagika wanabaki na ngoma zao tu. Hayo naweza kuyasema mbele ya mtu yeyote. Kwa mama Shija siyasemi. Hajanilaumu hata siku moja. Kila nikienda anaagiza kiti kiletwe nje, kinawekwa pembeni yangu, nami nakaa chini.