Msimu Mijeledi Ilipochomwa

Harufu ya majani ya ndengu yaliyokaukia juani hunirudisha kijijini kwetu Mitaboni, na kichefuchefu hunipanda papo hapo. Nilikuwa na miaka tisa. Baba mdogo Mutinda, ndugu yake baba, alikuwa amejiunga na waumini waliosema kwamba sindano ni kumkana Mungu. Kuamini hivyo lilikuwa shauri lao; ila walitembea na mijeledi. Mama alipokuwa akirudi kutoka zahanati, alikompeleka mdogo wangu kuchanjwa, Mutinda na wenzake wawili walimvizia njiani wakamcharaza, mtoto akiwa bado mgongoni, huku wao wakiimba pambio. Ni kule kuimba kunakonichefua zaidi hadi leo.

Katekista alikuja na Biblia yake jioni nne mfululizo, akabishana na Mutinda aya kwa aya. Sikio la kufa halisikii dawa. Wiki iliyofuata walimpiga mama mwingine. Ndipo susu, yaani bibi yangu, mama yake Mutinda, aliyeongoza mwethya, kikundi cha wanawake waliovuniana mashamba kwa zamu, alipomwendea mwanawe. Hakumhubiria. Alimwambia, "Amini unavyotaka. Lakini hakuna mwanamke atakayegusa ndengu zenu mpaka mlete hiyo mijeledi hapa. Na atakayempiga mtu tena, nitampeleka kwa chifu mimi mwenyewe, hata akiwa wewe." Jua lilikuwa kali mwaka ule. Maganda yakaanza kupasuka, ndengu zikamwagika mchangani mbele ya macho yao. Siku ya tano walikuja wameinamisha vichwa, susu akaipokea mijeledi na kuitia motoni. Hakuna mama aliyepigwa tena.

Sasa mimi pia ni mama. Mwezi jana nilikwenda nyumbani na binti yangu, ametoka kuchanjwa. Mutinda, kichwa kimejaa mvi, aliiona plasta mkononi mwake, akasema kwa upole, chai mkononi, kwamba mama yangu alistahili viboko vile. Nami miaka yote nilikuwa nikingoja atubu. Mama alikuwa papo hapo akimimina chai; hakugeuka. "Mwache," aliniambia. "Moyo wake ni shauri la Mungu. Mimi naangalia mikono yake tu." Binti yangu alikuwa akicheza miguuni pa mzee yule, bila ule woga nilioujua mimi nikiwa na umri wake. Nashukuru kwa hilo, na bado namwonea kinyaa. Alipoondoka, nilikiosha kikombe chake mara mbili.