Maji ya Ukuta wa Regina

Regina, mke wa Edmund wa Makote, alikuwa na tabia moja iliyowauma majirani kuliko kama angekuwa mwizi wa kuku. Alikuwa anamaliza maji ukutani.

Na maji ya Newala miaka ile ya Waingereza, bomba halijafika, hayakuwa maji ya kuchezea. Mwanamke aliamka jogoo hajawika, akateremka bondeni na mtungi, akasubiri kisima kitoe, kisha akaupanda mlima ule shingo imekaza. Akifika nyumbani, mtoto akimwaga hata kata moja, alikiona.

Kukandika nyumba wakati wa kiangazi lilikuwa jambo la kila mtu. Lakini wenzake wakishakandika walinawa mikono wakaenda zao. Regina ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Alikoroga udongo mweupe, udongo mwekundu na mkaa uliosagwa, kila rangi kwenye kigae chake. Akafanya ishara ya msalaba, akachora kwa vidole yale aliyojaliwa mwaka ule: mbuzi kuzaa mapacha, mtama kusalimika na nguruwe, mwanawe Walter kupona surua. Kusoma hakujua. Mwalimu wa dini aliwafundisha kwamba mtu ashukuru, naye hakungoja kuelezwa ashukuru vipi. Alihakikisha amemaliza kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Baada ya hapo mvua ilikuja ikaosha kila kitu, naye wala hakusikitika.

Tuseme kweli: michoro haikuwa mizuri. Mbuzi wake walifanana na vigoda.

Mwalimu Bartholomayo, aliyewasalisha pale kijijini, alijaribu kumsaidia. "Mama Walter, si uchore malaika basi? Au msalaba mkubwa, watu wajue hapa ni kwa Wakristo."

"Malaika sijawahi kuwaona, Mwalimu. Mbuzi nimemwona."

"Watu wanacheka."

"Waache wacheke. Siwachorei wao."

Mwalimu akaondoka anatikisa kichwa. Kweli hakuwa akiwachorea wao, na kwa miaka mingi hakuhitaji ruhusa ya mtu, kwa sababu maji aliyateka mwenyewe kwa miguu yake mwenyewe.

Mwaka mmoja miguu ikamwangusha. Walter alikuwa ameshakua, yuko mbali kwenye mashamba ya mkonge. Regina akiwa shambani jembe likamkata unyayo, likaingia ndani hasa. Kidonda kikavimba, na mganga wa zahanati akamkataza kuteremka bondeni mpaka kifunge.

Aliyemwokoa ni Stamili, Mama Lukmani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Kila alipoteka yake alimletea na Regina mtungi mdogo. Alikuwa na moyo mweupe, ila mdomo wake ulikuwa pilipili.

"Haya ni ya kunywa na kupikia, Mama Walter. Shingo yangu hii hainyweshi ukuta. Nikiona tone moja pale, utakunywa umande."

"Sitayagusa," Regina akasema.

Na hakuyagusa. Edmund aliukandika ukuta kwa maji machafu ya kuoshea vyombo, yasiyofaa kuchorea shukrani, ukakauka, ukabaki mtupu. Udongo mweupe ukapasuka kwenye kigae. Sikukuu ikawa inakaribia, na Regina anakaa kwenye mkeka kuutazama ukuta kama mtu anayetazama mlango uliofungwa. Alijaribu kusali kwa maneno tu. Alisema Baba Yetu mpaka mwisho, lakini ya kwake mwenyewe hayakutoka. Jioni moja mkono ulifika mpaka kwenye kata ya maji, akaurudisha. Maji yalikuwa ya Stamili, na ahadi aliitoa yeye mwenyewe. Angemshukuruje Mungu kwa kitu cha kuiba?

Edmund aliuona mkono ule ukienda na kurudi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuisifia michoro ya mkewe wala kuiponda.

Asubuhi Regina aliamka, mume hayupo, akadhani kaenda kwenye mikorosho. Jua lilipochomoza vizuri Stamili akaingia uani, anacheka mpaka mtungi unayumba kichwani.

"Mama Walter, umemfanya nini mumeo?"

"Kafanyaje?"

"Tumemkuta kisimani. Amepanga foleni na sisi. Mwanamume mzima na ndevu zake, kata ya nguo kichwani! Fatu kamwuliza kama mkewe amekufa. Kasema hajafa. Basi kama hajafa umefuata nini huku? Kasema, 'Maji.'" Stamili akatua mtungi ajifute machozi. "Wanaume wa barabarani nao wanampigia vigelegele. Nikamwambia, shemeji lete nikubebee. Kakataa. Kasema haya si ya kupikia."

Regina hakucheka. Alishika ukingo wa mkeka kwa mikono miwili.

Edmund akafika amelowa mabegani hadi kiunoni. Mtungi haukuwa na hata nusu; mengine aliyavaa. Akautua karibu na ukuta, akapumua.

"Shingo hii ni ya kuchongwa upya," akasema. "Shikamooni nyinyi wanawake wote."

"Baba Walter, watakucheka mpaka Tandahimba."

"Wameshanicheka. Yameisha." Akavuta kigae. "Nikoroge kiasi gani?"

Stamili alikuwa na neno, lilionekana kabisa mdomoni. Akaubeba mtungi wake, akaenda kwake.

Regina akachechemea mpaka ukutani, akafanya ishara ya msalaba, akachovya kidole. Hakufikiria mwaka huu achore nini, kidole kilitangulia. Alichora miguu miwili iliyopinda, mwili mnene wa mkaa, na juu yake duara kubwa jeupe. Chini akaweka vidoa vyekundu vya udongo, matone yaliyomwagika njia nzima. Alichora taratibu, machozi yanamshuka, na maneno ya kwake yakamtoka yote bila kufungua mdomo.

Edmund, ameshika kibuyu cha maji, akainamisha kichwa huku na huku.

"Hicho ni kichuguu?"

Regina akamtazama mumewe, akatazama ukuta. Kweli kilifanana na kichuguu.

"Shika kibuyu vizuri," akasema, "unamwaga." Akachovya kidole, akaongeza ndevu.