Madirisha Yaliyohama

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa kwenye kampuni yetu ya madirisha na milango ya chuma pale Kawangware, katikati ya miaka ya tisini, mimi ndiye niliyekuwa karani. Kompyuta nilikuwa nimeigusa kwa wiki sita tu, kwenye kozi moja kule Makina, tukikaa watatu kwa mashine moja. Mwenye kampuni alikuwa mama wa hapo hapo Kawangware, mwenye ploti zake za kupangisha, mcha Mungu na mkali. Aliniambia nichague programu ya kutengenezea katalogi na karatasi zote za kampuni. Nikishindwa, kompyuta itauzwa, kazi itapelekwa kwa wapiga chapa wa mjini, nami nitafute kibarua kwingine. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Soweto West, nikiwa nimenuna njia nzima.

Muuzaji alituachia programu mbili tuzijaribu. Ya kwanza iliimeza picha ikakaa ndani ya karatasi moja kwa moja. Ya pili haikuimeza. Ilikumbuka tu mahali picha ilipowekwa, na kila ukifungua karatasi inakwenda kuichukua huko. Nilitaka hii ya pili, na sababu ilikuwa fundi wetu wa kuchomelea, baba mmoja kutoka mkoa wa Magharibi ambaye hakujua kuridhika. Leo anaongeza ua la chuma kwenye dirisha, kesho anapunguza nondo. Nami ndiye niliyechora upya kwenye kompyuta, wakati dirisha lile lile liko kwenye katalogi, kwenye kwotesheni za bei, na kwenye maelezo ya wafungaji. Kwa programu ya pili, nikibadilisha picha mara moja karatasi zote zinafuata.

Mama aliipenda ya kwanza kwa sababu ya herufi zake za mapambo, kama za kadi za harusi. Hata hivyo alikubali kuja asubuhi moja nimwonyeshe yangu. Jana yake, kwa kimbelembele changu, nilizipanga picha zote kwenye folda mpya ili aone nilivyo nadhifu. Basi alipoketi nikafungua katalogi, kila palipokuwa na dirisha pakawa na sanduku tupu. Fundi, aliyesimama nyuma yetu na miwani yake ya kuchomelea kichwani, akakohoa.

“Sasa madirisha ziko wapi?” mama akauliza.

Nilitamani kusingizia umeme. Stima ya Kawangware ilikuwa imebebeshwa makosa mengi, moja zaidi lisingeiumiza. Lakini nilikuwa nimechoka kuogopa.

“Ziko, mama. Ni mimi nilizihamisha jana, na sikuambia programu.”

Mama akakivuta kiti karibu. “Mpangaji akihama bila kusema, barua zake bado zinakuja kwa ploti yangu. Lazima niulize alienda wapi. Hii kitu yako inaweza uliza?”

Iliweza. Nikamfungulia orodha ya picha zote, kila iliyopotea ikiwa na alama yake. Nikaionyesha programu makao mapya, picha moja baada ya nyingine, na madirisha yakarudi. Mama akamwambia fundi aondoe ua kwenye dirisha la sebuleni. Nikalifuta kwenye picha moja, nikafungua karatasi tatu, na ua halikuwepo hata kwenye moja.

“Na ile ingine,” akasema, “ingeniambia nani amehama?”

“Ile ingejionea tu iko sawa, mama. Ingekuonyesha dirisha la zamani, na ungemuuzia mteja kitu hatutengenezi tena.”

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akachukua mkoba, akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, akasema anakwenda mjini kulipia ile ya pili. Alikuwa amefika mlangoni fundi alipomuuliza, kwa nia njema kabisa, kama si afadhali amuulize kwanza kaka yake mwenyewe anayefanya kazi na kompyuta kule benki.

“Nimeshauliza,” mama akajibu, akinionyesha kwa kidevu. “Huyu ndiye nimeuliza.”

Watu walikuwa wamewahi kunituma, kunifunza na kunihurumia, na kwa yote nilishukuru. Kuulizwa, nikajibu, na mtu mzima akatoka na mkoba wake kwa sababu ya jibu langu, ilikuwa mara ya kwanza. Niligeukia skrini nikajifanya nasoma, maana machozi yalikuwa yameshafika.