Kompyuta Mpya Yenye Sura ya Zamani

Fundi kompyuta alikuwa ameshastaafu mkewe alipoanza kusahau. Mke huyo alikuwa karani wa masjala kwa miaka ishirini na sita, na kila asubuhi bado alivaa sketi yake ya kazini, akakaa mbele ya kompyuta ya nyumbani na kuchapa barua za ofisi iliyokwisha kufungwa zamani.

Kompyuta ile ilipokufa, mume alinunua mpya. Mke aliitazama, akarudisha mikono mapajani. "Hii si yangu," alisema, machozi yakamtoka.

Fundi hakubishana naye. Kwa siku tatu alihangaika kuivisha kompyuta mpya sura ya ile ya zamani: mandhari ya kijani iliyopauka, kitufe cha kuanzia kwenye kona ya chini, maandishi manene, hata ule mlio wa kuwaka. Mafaili aliyapanga upande uleule, kwa majina yaleyale.

Siku ya nne mke aliketi, akausikia mlio, akatabasamu. Alifungua faili la barua moja kwa moja, akaanza kuchapa bila kuangalia herufi. Mumewe alisimama nyuma ya kiti, moyo umemtulia kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

"Umeitengeneza vizuri, fundi," mke alisema alipogeuka kumwangalia. "Subiri kidogo basi, mume wangu akirudi atakushukuru."

Fundi alivuta kiti, akakaa.

"Haya, mama," akajibu. "Nitamsubiri."